Fundi tunaye, tunachokosa ni imani: jinsi ushirika wa kutengeneza vifaa unavyofanya kazi

Angalia juu ya kabati, au chini ya kitanda. Huenda utakuta redio iliyonyamaza, taa ya sola isiyoshika chaji, simu ya kitochi isiyowaka, au bomba la kupulizia dawa linalovuja. Hujavitupa kwa sababu unajua havijafa kabisa. Lakini pia hujavipeleka kwa fundi, na miezi inapita.

Sababu tunazozisikia kwa wasikilizaji ni zile zile. Fundi yuko mjini, na nauli ya kwenda na kurudi inakaribia bei ya kifaa kipya. Fundi wa kijijini yupo, lakini hana spea. Au spea anayo, lakini mara ya mwisho simu ilikaa kwake wiki sita, ikarudi ikiwa na betri ambayo si ile iliyokwenda nayo.

Sisi wa redio jambo hili linatugusa moja kwa moja. Redio ikinyamaza, tunampoteza msikilizaji, naye anakosa taarifa za mvua, bei za mazao na matangazo ya chanjo. Taa ya sola ikifa, mtoto anasoma kwa koroboi, na senti ya mafuta inarudi kutafutwa kila siku.

Katika makala hii tunaeleza njia moja ambayo watu wa sehemu mbalimbali wameitumia: kukusanyika, kumiliki vifaa vya ufundi kwa pamoja, na kutengeneza vitu hadharani. Tutaeleza ilianzia wapi, kazi inakwendaje, hesabu zake zikoje, na mambo yanayoiua.

USHIRIKA WA KUTENGENEZA NI NINI?

Ni chama cha watu wa eneo moja wanaofanya mambo matatu.

La kwanza ni kutengeneza. Kifaa kilichoharibika kinafunguliwa, tatizo linatafutwa, na kama linatibika linatibiwa.

La pili ni kutumia tena. Kifaa kisichotengenezeka kinavuliwa viungo vyake vizima, na viungo hivyo vinakuwa spea ya kifaa kingine. Kitu kizima ambacho mwenyewe hakihitaji tena, kama nguo za mtoto aliyekua au jembe la ziada, kinapata mtu mwingine.

La tatu ni kukutanisha watu. Bibi mwenye redio mbovu anakaa meza moja na kijana mwenye bisibisi. Wakati kazi inaendelea wanazungumza, na kijana wa darasa la saba anasimama pembeni akitazama. Jambo hili la tatu linaonekana dogo, lakini tutaona kwamba ndilo linaloshikilia mengine mawili.

Kinachoitofautisha na karakana ya kawaida ni umiliki. Karakana ni mali ya mtu mmoja. Ushirika ni mali ya wanachama. Kila mmoja ana hisa, kila mmoja ana kura moja, na hesabu zinasomwa mbele ya wote.

WAZO HILI LIMETOKA WAPI?

Kutengeneza na kutumia tena si mambo mageni kwetu. Koroboi hutengenezwa kwa kopo. Kandambili za tairi zimevaliwa na wafugaji na wakulima kwa miaka mingi. Ukifika Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, utasikia mafundi wa bati na chuma wakigonga tangu asubuhi, wakigeuza mabati na mapipa kuwa majiko na masanduku. Wakenya wanawaita mafundi wa jua kali, kwa sababu wengi walianza kazi bila paa juu ya vichwa vyao.

Katika nchi tajiri hali ilikuwa tofauti. Huko kifaa kikiharibika watu walizoea kukitupa na kununua kingine, na mafundi wa mitaani wakapungua. Mwaka 2009 mwanamke mmoja Mholanzi, Martine Postma, aliandaa mkutano wa aina mpya jijini Amsterdam. Watu waliombwa walete vitu vibovu: vyombo vya umeme, nguo zilizochanika, baiskeli. Mafundi wa kujitolea walikuwa wamekaa kwenye meza wakiwasubiri. Mikutano hiyo ikaitwa Repair Café, yaani mgahawa wa matengenezo. Leo iko zaidi ya 2,000 katika nchi nyingi.

Sheria muhimu ya mikutano hiyo ni hii: mwenye kifaa haachi kifaa chake na kuondoka. Anakaa na fundi, anaona kifaa kikifunguliwa, anashika tochi, anauliza maswali. Mara nyingine anafanya kazi mwenyewe huku fundi akimwelekeza. Kwa njia hiyo anajifunza, na hakuna nafasi ya kubadilishiwa betri kwa siri.

Repair Café si ushirika. Mafundi wake hawalipwi, kwa kuwa wengi wana kazi nyingine au ni wastaafu. Kijijini kwetu fundi anahitaji kula. Kwa hiyo hatuwezi kuichukua ilivyo. Tunachoweza kuchukua ni ile meza ya wazi, halafu tukaiweka juu ya mfumo ambao tayari tunao, yaani ushirika.

Kuna sababu nyingine ya kulitazama jambo hili sasa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilieleza kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na kwamba chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Simu na taa zilizolala chini ya vitanda vyetu ni sehemu ya mlima huo. Mwaka huo wa 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayowataka watengenezaji wa baadhi ya bidhaa, zikiwemo simu na mashine za kufulia, kukubali kuzitengeneza hata baada ya muda wa dhamana kupita. Kwetu sheria kama hiyo haijafika. Tunabaki na mafundi wetu.

KWA NINI USHIRIKA, KWA NINI SI FUNDI MMOJA?

Vijiji vingi vina fundi. Kinachokosekana ni vitu vitatu.

Cha kwanza ni spea. Fundi mmoja hana mtaji wa kuweka betri za aina kumi, swichi, waya na spika. Akipata kazi ya taa ya sola leo, anasubiri mtu anayekwenda mjini amwagize. Watu 20 wakichangia, kisanduku cha spea kinajaa. Tena vifaa vibovu vya watu 20 ni ghala la spea. Redio tatu zilizokufa kwa sababu tofauti mara nyingi zinaweza kuzaa redio moja nzima.

Cha pili ni zana. Kutafuta hitilafu ya umeme bila mita ya kupimia ni kubahatisha. Fundi anayebahatisha anabadilisha kiungo kizima, anamtoza mteja, na tatizo linabaki pale pale. Mita ni kifaa kidogo, lakini kijana anayeanza kazi anaweza kushindwa kukinunua. Ushirika unanunua kimoja na mafundi watatu wanakitumia.

Cha tatu, na kikubwa kuliko vyote, ni imani. Mteja anaogopa kuibiwa. Fundi naye anaogopa mteja asiyerudi kulipa, na ana kabati limejaa simu za watu waliopotea. Kila mmoja anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni, na kifaa kinabaki chini ya kitanda.

Ushirika unajibu woga wa pande zote mbili. Fundi hafanyi kazi peke yake gizani, anafanya mezani mbele ya watu. Kifaa kinaandikwa kwenye daftari kinapoingia na kinapotoka. Bei inajulikana kabla kazi haijaanza. Na kukitokea mgogoro, kuna kamati ya kuusikiliza, hivyo fundi na mteja hawaachwi wawili peke yao wakigombana barabarani.

NENO USHIRIKA NA JERAHA LAKE

Tunajua kwamba wapo wasikilizaji ambao wakisikia neno ushirika wanakunja uso. Wana haki.

Ushirika ulianza vizuri. Mfano ambao dunia nzima inautaja ni wa mji wa Rochdale, Uingereza. Mwaka 1844 watu 28, wakiwemo wafumaji wa nguo wenye kipato kidogo, walichangishana wakafungua duka. Waliuza vitu vichache tu: unga, siagi, sukari, mishumaa. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, awe na fedha nyingi au kidogo, na ziada ilirudishwa kwa wanachama kulingana na manunuzi yao.

Hapa Tanzania wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha KNCU. Mikoa mingine ikafuata, ya pamba na ya mazao mengine. Vyama vilijenga shule, vikasomesha watoto, vikampa mkulima sauti mbele ya mnunuzi. Kisha mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na vikaja kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Tangu wakati huo wakulima wengi wamepitia malipo yaliyochelewa, madeni ambayo hawakuyaelewa, na viongozi ambao hawakusoma hesabu mbele ya mkutano.

Hatutaji haya kuwakatisha tamaa. Tunayataja kwa sababu yana somo. Ushirika ulioumiza watu mara nyingi ulikuwa umekwenda mbali na macho ya wanachama: fedha ziko mjini, daftari liko mjini, kiongozi haonekani. Ushirika wa kutengeneza vifaa ni mdogo, na unapaswa kubaki mdogo. Daftari lake liko mezani. Sanduku lake liko kijijini.

Wanachama wa VICOBA na vikundi vya kuweka na kukopa wanaujua mfumo huu. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na fedha zinahesabiwa mbele ya wote. Sanduku la zana na spea litunzwe hivyo hivyo.

SIKU YA GULIO: KAZI INAVYOKWENDA

Tunapendekeza kuanza na siku moja kwa wiki, na siku iliyo bora ni ya gulio. Watu tayari wanakuja, huhitaji kuwaita. Meza mbili chini ya mti au kwenye kibaraza cha ofisi ya kijiji zinatosha. Kazi inapita katika hatua tano.

Hatua ya 1: Mapokezi. Mtu mmoja, asiye fundi, anakaa na daftari. Anaandika tarehe, jina la mwenye kifaa, aina ya kifaa, tatizo analolieleza, na vitu vilivyokuja nacho: betri, kadi ya simu, chaja, mfuniko. Kwa simu, anaandika pia namba ya utambulisho, ile inayotokea ukibonyeza *#06#. Kama simu haiwaki, namba hiyo mara nyingi imeandikwa ndani, chini ya betri. Namba hii inasaidia mambo mawili: mwenye simu anajua iliyorudi ni yake, na mwizi anaogopa kuleta simu ya wizi.

Hatua ya 2: Uchunguzi. Fundi anafungua kifaa mbele ya mwenyewe. Makosa mengi ni ya kawaida. Redio: waya wa spika umekatika, au vyuma vinavyogusana na betri vimeshika kutu na vinahitaji kusuguliwa kwa msasa laini. Simu: tundu la chaji limejaa vumbi na nyuzi za nguo za mfukoni. Bomba la dawa: mpira wa kuzuia mvujo umekauka. Taa ya sola: mara nyingi ni betri iliyochoka, wakati paneli na balbu bado ni nzima. Mtu anatupa taa nzima kwa sababu ya kiungo kimoja.

Hatua ya 3: Makubaliano. Fundi anasema tatizo ni nini, spea ni shilingi ngapi na ufundi ni shilingi ngapi. Mwenye kifaa anakubali au anakataa. Akikataa, anachukua kifaa chake na hadaiwi kitu. Akikubali, bei inaandikwa na haiongezeki bila kumuuliza.

Hatua ya 4: Kazi. Mwenye kifaa anakaa. Kama spea haipo na kifaa lazima kibaki, anapewa karatasi yenye namba ile ile iliyo kwenye daftari, na tarehe ya kurudi.

Hatua ya 5: Makabidhiano. Kifaa kinajaribiwa mbele ya mwenyewe. Redio inawashwa, taa inawaka. Fedha zinalipwa kwa mtu wa mapokezi, na fundi hazigusi. Risiti inakatwa na daftari linasainiwa. Asiyeweza kusaini anaweka dole gumba.

Hatua hizi zinaweza kuonekana nyingi kwa redio ya shilingi elfu kumi. Lakini ukiziangalia tena, utaona kila moja inaziba tundu ambalo kupitia hilo imani huvuja.

HESABU: TUCHUKUE MFANO

Tufanye mfano wa kikundi cha watu 20. Namba hizi ni za kufundishia tu. Weka bei za kwenu.

Kila mtu analipa kiingilio cha shilingi 5,000 na hisa moja ya shilingi 10,000. Kiingilio kinaleta 100,000, hisa zinaleta 200,000. Jumla ni shilingi 300,000.

Matumizi ya mwanzo: zana, yaani bisibisi za ukubwa mbalimbali, koleo, mita ya kupimia umeme, chuma cha kuchomea risasi, spana na msasa, shilingi 140,000. Spea za kuanzia, 100,000. Daftari, kitabu cha risiti, sanduku na kufuli, 20,000. Zinabaki 40,000, ambazo hazitumiki bila mkutano kuamua.

Sasa mapato. Tuseme kwa mwezi vifaa 60 vinatengenezwa, na ufundi wa kila kimoja ni wastani wa shilingi 3,000. Hiyo ni 180,000, tukiacha pembeni fedha za spea, ambazo zinarudi kununua spea nyingine. Wanachama wanaweza kugawa hivi: asilimia 60 kwa mafundi waliofanya kazi, yaani 108,000. Asilimia 20 kwa uendeshaji, 36,000. Asilimia 15 kwa mfuko wa zana na spea, 27,000. Asilimia 5 akiba, 9,000.

Inapendeza. Lakini sasa tuseme ni mwezi wa njaa, kabla ya mavuno, na vifaa vinavyokuja ni 30 tu. Mapato ni 90,000. Fungu la uendeshaji ni 18,000. Kama mlikodi chumba cha shilingi 30,000 kwa mwezi, mmekwisha. Mtaanza kula fedha za spea, kisha akiba, kisha hisa.

Hapa ndipo vikundi vingi vinapofia. Mafundi wanaweza kuwa hodari na wateja wakawapo, lakini kikundi kilikodi chumba mapema na kupaka rangi jina ukutani kabla ya kazi kukua. Ndiyo maana tunasema anzeni gulioni, siku moja kwa wiki, bila kodi. Chumba kije baada ya daftari kuonyesha miezi kadhaa mfululizo, pamoja na ile migumu, kwamba fedha zinatosha.

Mwanachama anapata nini? Ushirika mdogo kama huu hautamtajirisha. Faida yake ni kutengenezewa kwa bei nafuu kidogo kuliko asiye mwanachama, haki ya kuazima zana za jumuiya kama pampu ya baiskeli au msumeno, na sehemu ya ziada mwisho wa mwaka kama ipo. Faida kubwa ni ile isiyoandikwa kwenye leja: fedha ambazo hakuzitumia kununua kifaa kipya, na nauli ambayo hakuilipa.

Fundi naye anapata nini, wakati anaacha asilimia 40? Anapata zana ambazo hakuzinunua, spea zilizo karibu, wateja wanaojileta, na mtu wa kumkusanyia fedha. Kijana mwenye mikono mizuri anaweza kuamua kubaki kijijini badala ya kwenda mjini kutafuta kibanda. Wanachama wakiona asilimia 60 ni ndogo kwake, waipandishe. Fundi akiondoka kwa kukosa maslahi, zana zote zitabaki sandukuni bila mtu wa kuzitumia.

VISIVYOTENGENEZEKA, NA VILIVYO HATARI

Si kila kitu kitapona, na fundi mwaminifu atasema hivyo. Kifaa kilichoshindikana, mwenyewe akikubali kukiacha, kinaandikwa kwenye daftari la pili: daftari la viungo. Swichi, spika, skrubu na nyaya zinatolewa na kupangwa kwenye makopo.

Pembeni ya meza ya mafundi wekeni meza ya vitu vizima visivyohitajika. Sare ya shule iliyombana mtoto, sufuria, kitabu, jembe bila mpini. Anayehitaji anachukua kwa bei ndogo au bure, kama wanachama walivyoamua. Kinamama mara nyingi ndio watakaoifanya meza hii iwe hai, kwa kuwa wanajua nani ana mtoto anayeanza darasa la kwanza.

Lakini betri ni jambo la kuangalia sana.

Betri za simu na za taa nyingi za sola ni za lithiamu. Ikivimba, acha kuichaji mara moja. Usiitoboe, usiikandamize, usiitupe motoni, kwa sababu inaweza kuwaka au kulipuka. Iweke kwenye kopo lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, mbali na watoto. Fundi wa taa za sola asome volti iliyoandikwa kwenye betri kabla ya kuibadilisha. Betri ya volti 3.2 na ya volti 3.7 zinaweza kufanana kwa umbo, lakini chaji yake si sawa. Kuweka ya 3.2 mahali pa 3.7 kunaweza kuleta ajali.

Betri kubwa za asidi, zile za magari na za mifumo mikubwa ya sola, zina madini ya risasi ndani. Risasi ni sumu, na inaharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Ushirika usivunje betri hizi na usiyeyushe risasi yake kamwe. Mjini Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwaachia wakazi sumu ya risasi. Mama mmoja aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo, Phyllis Omido, aliongoza mapambano ya kudai haki baada ya mwanawe kuugua. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Lakini fedha hazimrudishii mtoto afya. Betri za asidi zikusanywe zikiwa nzima, zikae wima mahali pakavu, na zipelekwe kwa mnunuzi mwenye kibali.

JINSI YA KUANZA, NA SHERIA INASEMAJE

Msikimbilie kusajili. Anzeni na watu. Itisheni mkutano, mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wakijua. Ulizeni swali moja: nyumbani kwenu kuna vitu gani vibovu? Andikeni orodha. Orodha hiyo ndiyo itakayowaambia mnahitaji fundi wa aina gani na spea zipi. Kijiji cha wafugaji kinaweza kuwa na tochi nyingi, cha wakulima wa mboga mabomba ya dawa mengi, cha wavuvi taa nyingi.

Fanyeni magulio matatu ya majaribio kwa zana za mafundi wenyewe. Baada ya hapo ndipo mchangishane.

Mnaweza kubaki kikundi cha kawaida kilichotambuliwa na halmashauri, na wengi wataona hilo linatosha kwa mwaka wa kwanza. Mkitaka kuwa chama cha ushirika kamili, Tanzania kuna Sheria ya Vyama vya Ushirika Namba 6 ya mwaka 2013. Kwa vyama vya watu wenye ujuzi maalumu kama mafundi, sheria inaruhusu kuanza na watu 10 au zaidi. Mtahitaji masharti ya chama yaliyoandikwa, na maombi yanakwenda kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Wa kumwona kwanza ni Afisa Ushirika wa halmashauri yenu. Kutoa ushauri ni kazi yake.

Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa Maendeleo ya Jamii ndiye anayeeleza utaratibu. Lakini kumbukeni ile hesabu ya mwezi wa njaa. Mkopo usio na riba bado ni deni. Chukueni kwa ajili ya zana zinazoingiza fedha. Msiuchukue kwa ajili ya kodi ya chumba.

MASWALI MANNE YA KUULIZA KILA MWEZI

Kikundi kikishaanza, mkutano wa kila mwezi usiishie kwenye dua na soda. Ulizeni haya, na majibu yasomwe kutoka kwenye daftari, siyo kutoka kichwani.

Vifaa vingapi viliingia, vingapi vilipona, na vingapi bado viko kwetu? Kifaa kilichokaa zaidi ya mwezi kitajwe kwa jina la mwenyewe.

Fedha ziliingia kiasi gani, na zipo? Sanduku lifunguliwe, zihesabiwe.

Zana zote zipo? Zihesabiwe nazo. Mita ikipotea bila kuandikwa leo, mwaka ujao sanduku litakuwa tupu.

Nani amejifunza kitu kipya mwezi huu? Kama anayejua kulehemu ni mtu mmoja tu, mmerudi pale mlipoanza: kijiji chenye fundi mmoja, akihama mmebaki na vifaa vibovu.

Ushirika wa namna hii hautajenga kiwanda. Utaifanya redio ya bibi iseme tena, na taa imulike daftari la mtoto usiku huu. Na utafanya jambo jingine gumu zaidi: mtu atamkabidhi mwenzake kitu chake cha thamani, akiwa na hakika kwamba kitarudi kama kilivyo.

Kama kijijini kwenu kuna kikundi cha namna hii, au kuna kilichowahi kujaribu kikafa, leteni habari zake tunapofungua simu hewani. Kilichokufa kina mengi ya kutufundisha kama kilicho hai. Na kama redio ya jirani yako imenyamaza, msomee makala hii kwenye simu yako, halafu gulio lijalo mwendeni pamoja na ile redio.